Akinyamaza ndipo ninapoogopa

*"Habari za kazi, daktari. Mume wangu ana miaka 47, ni dereva wa malori ya kwenda Tunduma na kuvuka Zambia. Anakoroma tangu nimeolewa, hilo nilishalizoea. Siku hizi anakoroma, kisha ghafla kimya. Nahesabu moyoni mpaka ishirini na kitu, halafu anashtuka kama mtu aliyetolewa majini, anageuka, anaanza upya. Usiku anaamka kukojoa mara tatu au nne. Asubuhi kichwa kinamuuma. Presha anatumia dawa mbili na bado haishuki. Mwezi uliopita utingo wake alinipigia kwa siri akaniambia alisinzia kwenye usukani karibu na Mikumi. Mama mkwe anasema mwanawe analala fofofo kwa uchovu, jirani anasema ni jinamizi. Nimesoma kwamba chama cha madaktari wa usingizi cha Marekani kinasema ukikata pumzi sekunde kumi, mara tano kwa saa, wewe ni mgonjwa. Nilipomweleza alicheka, akasema hizo ni namba za wazungu za kuuzia mashine. Kaka yangu aliye Maskati ana mashine yake ya zamani ya kumsaidia kupumua usingizini, yuko tayari kututumia. Je, huu ni ugonjwa kweli? Tuitumie hiyo mashine?"*

Dada yangu, nitaanza na jambo ulilolitaja kama kwa kupita: simu ya utingo. Mtu anayesinzia akiwa na lori lenye shehena, kwenye barabara inayokatiza Mikumi na kisha kupanda Kitonga, hawezi kusubiri tumalize mjadala wa namba. Kabla ya kipimo chochote, shemeji aombe asipangiwe safari za usiku, na macho yakiwa mazito aegeshe mahali salama alale dakika ishirini. Kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu vinamsogeza saa moja, mbili. Kufungua dirisha na kupandisha redio havisaidii, ingawa kila dereva atakuapia kwamba vinasaidia. Na kama amesinzia zaidi ya mara moja, ushauri wangu ni kwamba asishike usukani kabisa hadi aonwe na daktari. Najua neno hilo linagusa nini nyumbani kwenu, na nitalirudia baadaye.

Sasa tuje kwenye koo lenyewe, maana ninachoshuku ni ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini, Kiingereza sleep apnea. Bomba la pumzi lililo chini ya kisanduku cha sauti lina pete za gegedu zinazolishikilia lisibanane. Juu yake, kutoka nyuma ya pua hadi nyuma ya ulimi, hakuna pete wala mfupa wa kuishikilia njia. Ni nyama tu: ulimi, kaakaa laini, kimio, kuta za koo. Mchana misuli inaikaza. Usingizi ukiingia misuli inalegea, na kama shingo ni nene, au ulimi ni mkubwa, au taya limerudi nyuma, au mafindofindo yamevimba, nafasi inayobaki ni ndogo. Umewahi kunywa dafu kwa mrija laini? Ukivuta taratibu maji yanakuja, ukivuta kwa nguvu kuta zinashikana. Koo lililobaki wazi nusu hupepea kama turubai la lori lililofungwa vibaya, na mtikisiko huo ndio mkoromo. Likijifunga kabisa hakuna kinachopepea, ndiyo maana unasikia kimya. Umehofia pale hasa panapostahili kuhofiwa.

Siku moja, kimya kikianza, washa mwanga kidogo umtazame kifua na tumbo. Utaona bado vinahangaika kuvuta, mara nyingi kimoja kikipanda huku kingine kikishuka, na hewa haipiti. Oksijeni kwenye damu inapungua, kabonidayoksaidi inapanda, ubongo unapiga kengele na kumwamsha kwa sekunde chache, koo linafunguka kwa kishindo, analala tena. Asubuhi hakumbuki lolote. Kama hilo linatokea mara thelathini kwa saa, basi kwa usiku wa saa saba ameamshwa zaidi ya mara mia mbili bila kujua. Kwa hiyo mama mkwe, kwa heshima zote, amegeuza mambo: mwanawe halali fofofo, anaamshwa usiku kucha na ndiyo maana mchana amechoka.

Hata zile safari za msalani zinaingia humuhumu. Anapovuta hewa dhidi ya koo lililofungwa, ndani ya kifua kunatokea mvuto unaotanua vyumba vya juu vya moyo. Moyo unadhani damu imekuwa nyingi kupita kiasi, unatoa homoni inayoziambia figo zipunguze maji. Mgonjwa anahangaikia tezi dume au kisukari, kumbe chanzo kiko shingoni. (Sukari apimwe hata hivyo, mtu mmoja anaweza kuwa na vyote.) Presha nayo kwa kawaida hushuka mtu akilala, lakini ya mtu anayekabwa kila dakika mbili haishuki, kwa kuwa kila mshtuko unamwaga adrenalini. Ila nikuombe kitu hapa: muulize, bila ukali, kama dawa ya presha ile inayokojosha anaimeza akiwa safarini. Madereva huiruka, na mimi nisingewalaumu sana, lakini daktari asiyejua hilo atakuwa anamwongezea dawa bure.

Jinamizi ni habari nyingine. Lile ni pale mtu anapozinduka kutoka usingizi wa ndoto huku misuli ikiwa bado imezimwa, akajiona yuko macho, hawezi kuinua hata kidole, pengine na kitu kizito kifuani. Anayepatwa na jinamizi hulikumbuka na kulisimulia kwa hofu asubuhi. Shemeji hakumbuki chochote. Wewe ndiye unayesimulia.

Tuje kwenye kicheko chake, maana ndipo penye swali lako kubwa. Namba hizi ni za wazungu za kuuzia mashine? Nitakushangaza: nusu ya hoja yake ina uzito.

Kwanza nusu isiyo na uzito. Ugonjwa huu ulielezwa na watafiti wa Ufaransa na Ujerumani mwaka 1965, waliporekodi pumzi za watu waliolala na kuona zinakatika kwa sababu koo limejifunga. Mashine ya kusukuma hewa puani, inayoitwa CPAP, ilitengenezwa na Colin Sullivan na wenzake huko Sydney, na matokeo yake yakachapishwa 1981. Katika miaka kumi na sita ya katikati hapakuwa na mashine ya kumuuzia mtu. Aliyezidiwa alitobolewa tundu shingoni apumulie hapo, na watu walikubali kuishi na tundu hilo kwa sababu usingizi ulirudi. Kwa hiyo ugonjwa haukubuniwa ili mashine ipate soko.

Nusu ya pili. Chama ulichosoma habari zake kilianza 1975 kama umoja wa vituo vya matatizo ya usingizi nchini Marekani, na leo kinaitwa American Academy of Sleep Medicine. Ulaya wanacho cha watafiti tangu 1972, Afrika Kusini wana chao, na kuna cha dunia nzima. Watu hudhani vyama hivi ni vya mikutano na kadi za uanachama. Kazi yake yenye manufaa zaidi kwa mgonjwa ni ya kuchosha kuliko hiyo: kukubaliana lugha. Kama maabara moja inahesabu pumzi iliyokatika kwa sekunde sita na nyingine kwa kumi na tano, mgonjwa mmoja atakuwa mzima Nairobi na mahututi Johannesburg. Ndipo wakakaa, wakaandika mwongozo wa kusoma vipimo, uliotoka 2007 na kurekebishwa mara kadhaa tangu hapo. Sekunde kumi zimo humo. Si kwamba ya tisa haina madhara na ya kumi inaua; sekunde kumi ni takriban pumzi mbili au tatu zilizokosekana, mstari ambao wataalamu wameafikiana kuuchora.

Na mistari hiyo inabishaniwa hata na walioichora. Pumzi iliyokatika kabisa haina utata. Utata uko kwenye pumzi iliyopungua bila kukatika: ihesabiwe oksijeni ikishuka asilimia tatu au mgonjwa akizinduka, kama chama kinavyopendekeza, au hadi ishuke asilimia nne, kama inavyotaka bima ya serikali ya Marekani inayohudumia hasa wazee? Usiku uleule wa mtu yuleyule unaweza kutoa sita kwa kanuni moja na kumi na nne kwa nyingine. Huko Lausanne, Uswisi, watafiti waliwapima watu wa kawaida wa mtaani, wa miaka 40 hadi 85, na matokeo ya 2015 yakaonyesha karibu nusu ya wanaume na karibu robo ya wanawake wanafikisha mikato ya pumzi 15 au zaidi kwa saa. Nusu ya wanaume ni wagonjwa? Wengi wao hawakuwa na lalamiko lolote. Ndiyo maana hata vigezo vya chama havisemi "tano kwa saa, basi." Vinasema tano au zaidi pamoja na dalili, kama kusinzia mchana au kuamka unakabwa, au pamoja na ugonjwa kama presha, asiye na hayo anahesabiwa kuanzia 15. Tano hadi 15 huitwa hafifu, 15 hadi 30 ya wastani, zaidi ya 30 kali.

Kwa hiyo mwambie shemeji kwamba angekuwa mtu wa kukoroma tu, anaamka mwepesi, presha yake njema, ningemwacha acheke na ningecheka naye. Lakini yeye anakatika pumzi mbele ya shahidi, anasinzia kwenye usukani, presha imegoma na kichwa kinamuuma. Namba itatuambia ukali wake. Shaka yangu ilishaamshwa na maelezo yako.

Nami sitaipamba mashine kuliko inavyostahili. Kwa miaka mingi tuliwaambia wagonjwa kwamba CPAP itawakinga na kiharusi na mshtuko wa moyo. Mwaka 2016 ukatoka utafiti mkubwa ulioitwa SAVE, wa watu 2,717 waliokuwa tayari na maradhi ya moyo au mishipa ya ubongo, na waliopewa mashine hawakupata mshtuko wala kiharusi kwa uchache kuliko wenzao. Waliivaa kwa wastani wa saa tatu na kitu tu kwa usiku, hilo ni kweli, na watu wenye usingizi mkali wa mchana hawakuingizwa. Shemeji angekataliwa mlangoni. Ila somo limebaki: kwa presha mashine inashusha kidogo, kwa wastani nukta mbili au tatu, na haichukui nafasi ya vidonge. Inachofanya vizuri, tena kwa wengi ndani ya siku chache, ni kuondoa usingizi wa mchana. Mwongozo wa chama wa 2019 unasema hivyohivyo kwa lugha yao: pendekezo lenye nguvu kwa mwenye kusinzia, pendekezo jepesi kwa mwenye presha bila kusinzia. Chama kinachouza mashine kisingejisumbua kutofautisha, ingawa sitakuficha kwamba pesa za watengenezaji zimo katika tafiti na mikutano ya fani hii, na msomaji mwenye macho huziangalia.

Mashine ya kaka yako basi. Nia yake ni njema, lakini isifike puani kabla ya kipimo. Sababu ya kwanza ni kwamba si kila pumzi inayokatika inakatikia kooni. Kwa baadhi ya watu, hasa wenye moyo uliochoka au wanaotumia dawa za maumivu kama tramadoli, ubongo wenyewe ndio unaosahau kuagiza pumzi, na tiba yake ni tofauti. (Tramadoli naitaja makusudi. Najua inavyozunguka kwenye vituo vya malori.) Sababu ya pili: nguvu ya hewa imepangwa kwa koo la kaka yako, isipokuwa kama ni ile inayojirekebisha yenyewe, na hata hiyo inahitaji mtu wa kuisoma. Ya tatu: mwaka 2021 kampuni ya Philips iliziita zirudishwe mamilioni ya mashine zake kwa sababu sponji ya kupunguza kelele ndani yake ingeweza kumomonyoka na mtumiaji akavuta chembechembe. Kaka aangalie jina, aina na namba ya mashine, aulize kwa wakala wa huko kama imo katika zile. Ikisalimika, na kipimo kikikubali, inunuliwe barakoa mpya, mpira mpya na vichujio vipya, na daktari aipange upya. Mtumba wa namna hiyo nimeuona ukifanya kazi vizuri tu, tena ukiokoa pesa zinazopita shilingi milioni moja.

Kipimo chenyewe kina sura mbili. Kuna kulala maabara ukiwa umebandikwa nyaya kichwani, kifuani na miguuni, na kuna kifaa kidogo unachopewa ukalale nacho nyumbani: kimrija puani, mkanda kifuani, kibanio kidoleni. Kwa mtu mwenye dalili za wazi kama shemeji, na asiye na maradhi ya moyo, mapafu au kiharusi, mwongozo wa chama wa 2017 unaruhusu hicho cha nyumbani. Maabara za usingizi kwetu ni chache na ziko miji mikubwa, kwa hiyo msianze kwa kuzitafuta. Anzeni kwa daktari wa masikio, pua na koo, au wa kifua, au huyo anayemwandikia dawa za presha, mmwombe rufaa kwa jina: kipimo cha usingizi. Ulizeni bima mapema kama inalipa kipimo na kama inalipa mashine, kwa sababu ni maswali mawili tofauti. Kile kibanio cha kidole kinachouzwa famasi kikionyesha 97 akiwa amekaa macho hakisemi chochote kuhusu saa tisa ya usiku.

Wakati mnasubiri, yako mambo ya kufanya. Alale ubavu, wengine huwashonea mpira wa tenisi mgongoni mwa fulana, na kwa wale wanaokatika zaidi wakilala chali unasaidia kweli. Pombe ya jioni iondoke. Dawa za usingizi, diazepamu hasa, asiziguse: zinalegeza koo na kuichelewesha kengele ya ubongo. Hata Piriton ya kulalia siipendi kwake, maana usingizi wake unamsubiri barabarani asubuhi. Bandeji za puani zinafungua pua tu, na mlango wake uliofungwa uko nyuma ya ulimi. Mafuta na matone ya "kuondoa mkoromo" ni kupoteza fedha. Uzito hukuniandikia. Kama umezidi, utafiti wa Wisconsin uliochapishwa 2000 ulikadiria kwamba kupunguza asilimia kumi kunashusha mikato kwa karibu robo. Kwa mwenye 40 anabaki na kama 30, yaani bado yuko ukingoni mwa kali, lakini ni hatua. Desemba 2024 Marekani waliidhinisha sindano ya kwanza kwa ajili ya ugonjwa huu, tirzepataidi, ambayo hupunguza uzito, kwa wanene wenye hali ya wastani hadi kali. Ni ghali na si ya kununuliwa mtandaoni. Kuna pia kifaa cha mdomoni kinachosogeza taya mbele, kinachotengenezwa na daktari wa meno, na kinafaa kwa hali nyepesi au kwa aliyeshindwa barakoa. Upasuaji wa koo la mtu mzima napendekeza kwa wachache, ila kama mafindofindo yake ni makubwa waziwazi nitabadili kauli.

Kuna mambo ya kutosubiri miadi: maumivu ya kifua, miguu kuvimba, kuamka usiku akihema hata akikaa, kuchanganyikiwa asubuhi, au presha iliyofika 180 kwa 120 pamoja na kichwa kikali, macho kufifia au upande kulegea. Hayo ni hospitali siku hiyohiyo. Na akihitaji upasuaji wowote, hata wa ngiri, amwambie mtoa nusukaputi habari hii kabla.

Nimeahidi kurudi kwenye kazi. Hofu ya dereva ni kwamba akipimwa atanyang'anywa usukani. Madereva wenye ugonjwa huu usiotibiwa wanapata ajali zaidi ya mara mbili ya wengine, hilo siwezi kulilainisha. Lakini haya si maradhi kama kifafa yanayomwondoa mtu barabarani kwa miaka. Uingereza, kwa mfano, dereva wa lori anasimama, anatibiwa, na usingizi ukidhibitiwa anarudi kazini akiwa chini ya uangalizi. Mashine inaweza kwenda naye: nyingi zinakubali adapta ya umeme wa gari, na akizima kile kichemshio cha unyevunyevu inakula umeme kidogo. Vumbi la njiani ndilo adui, kwa hiyo vichujio abebe vya akiba. Nimewahi kumwona dereva aliyelaza barakoa yake kitandani nyuma ya usukani, Tunduma, foleni ya siku nne, akiwatania wenzake kwamba wao wanakunywa kahawa na yeye analala.

Kilichobaki ni kumfikisha hospitali, na hapo simu yako ina nguvu kuliko barua yangu. Siku akilala nyumbani, subiri saa nane au tisa usiku, usingizi wa ndoto unapokuwa mwingi na koo linapolegea zaidi, urekodi dakika kumi za video, kifua na uso vionekane. Peleka hiyo kwa daktari; wengi wetu tunaamini video kuliko maelezo. Kabla ya hapo mwoneshe yeye, mkiwa wawili, si mbele ya watoto wala mawifi, na wala usimtaje yule utingo. Kimya kikianza, mwambie ashike pumzi na yeye hadi yule wa kwenye video atakapovuta.